Kengele ya Germaine

Kengele haikuwepo.

Papa Alexis alizama mara ya kwanza akadhani ni macho ya uzee. Akazama mara ya pili, akapapasa kwa mikono miwili. Mara ya tatu aliibuka na konzi ya matope, akapanda mtumbwi wake na kuvuka mto kutoka Lubunga mpaka mjini. Mzee yule ni msemaji, hasa ukimwonjesha masanga kidogo, pombe ya kwetu. Waliomwona akipanda ngazi za gati kimya kimya asubuhi ile walijua kuna neno.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Machi, mwaka 1966. Kwenye karatasi za serikali mji ulikuwa bado Stanleyville. Sisi tuliuita Kisangani, kama babu zetu walivyouita.

Inspekta Lukumani wa polisi ya upelelezi alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

"Chef, kengele ya Germaine haiko," alisema mzee.

"Haiko namna gani?"

"Haiko. Jumatano ilikuwa. Leo pahali yake iko mayi tu."

Lukumani aliweka kikombe mezani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, mjane, mwenye sauti ndogo na viatu vinavyong'aa. Hakuuliza swali la pili. Alimgeukia askari wa mlangoni akasema, "Nendeni Lubunga. Mukamate Henri."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa na miaka karibu miwili tumboni mwake.

Kwa asiyejua, nieleze. Germaine ilikuwa meli ya kuni, ya ghorofa mbili, yenye gurudumu kubwa nyuma. Ilikuwa inateremka mpaka Isangi na kurudi, na hakuna mtu wa rika la Lukumani asiyekuwa na kisa chake ndani ya meli hiyo. Huyu alichumbiwa humo, yule alizaliwa humo. Juu kulikuwa na gramafoni, na watu walicheza mpaka mbao zikalalamika. Chini akina mama walikaanga ndizi na samaki, na moshi wa kuni ulikaa katika nguo zako siku tatu. Ulikuwa ukifika nyumbani mkeo anakunusa na kusema, "Umetoka na Germaine," kana kwamba anamtaja mwanamke mwenzake. Lukumani alimpeleka Hadidja kwa wajomba zake wa Isangi mwaka 1957, wiki moja baada ya harusi, na safari nzima bibi harusi alicheka kwa sababu bwana harusi alitapika.

Agosti 1964, waasi walipokuwa wakiingia mjini, Germaine ilijaza watu waliokimbia. Haikufika mbali. Iligonga miamba ya upande wa Lubunga, ikapasuka ubavu, na watu thelathini na mmoja walikufa. Hadidja alikuwa mmoja wao.

Meli ililala palepale, mbele ya mdomo wa kijito kitokacho msituni. Maji ya kijito hicho ni mekundu kama chai ya rangi, lakini safi. Unaona mpaka chini. Mto ukipungua, paa linatokeza nje, na maji ya sitaha ya juu yanakufika kiunoni. Basi watu wakaanza kwenda kuitazama. Papa Alexis aliwapeleka kwa mtumbwi, akawaazima miwani ya kuzamia aliyoachiwa na Mgiriki mmoja, nao walielea kifudifudi wakiangalia mabenchi, jiko la chuma, sahani za bati bado zimepangwa. Wenye wafu wao walizama mpaka mbele, ambako kengele ya shaba ilikuwa juu ya mlingoti wake mfupi, urefu wa mkono mmoja na nusu chini ya maji. Waliigonga kwa jiwe mara tatu, wakamtaja marehemu, wakapanda. Ndiyo ikawa desturi.

Mwaka ule maji yalishuka kuliko miaka yote. Mapadri na masheikh wakakubaliana, jambo ambalo halitokei kila siku, kwamba Jumapili kengele ipandishwe na kutundikwa kwenye gati la Lubunga, iwe ukumbusho. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Na Henri? Henri alikuwa mpimaji wa kina wa Germaine. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele kabisa na ufito uliopakwa mistari, akiuchovya majini, akisoma. Maji yakiwa haba, alivuta kamba ya kengele mara mbili, maana sauti ya mtu haipiti katika kelele ya mashine, na nahodha aliyekuwa juu aliisimamisha, akasubiri kuambiwa kina. Siku ya ajali hakuna aliyesikia kengele. Henri aliapa kortini kwamba aliivuta. Nahodha alikuwa amekufa, mashahidi wote walisema hawakusikia kitu. Korti ilimwachia kwa kukosa ushahidi. Barabara haikumwachia. Akina mama walihamisha vikapu vyao sokoni alipokaribia.

Lukumani alichukua baisikeli yake kwenda gatini. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelegea, akapitia kwa Amuri kujaza upepo.

Amuri alikuwa fundi baisikeli wa komini ya Kisangani, mtaa wenye jina la mji, na alikuwa rafiki wa Lukumani tangu chuo cha Kurani. Walitahiriwa siku moja, walichapwa kwa kosa moja, waliogelea kama mawe wote wawili. Kibanda chake kilikuwa kilekile cha siku zote: minyororo imening'inia, nusu ya pipa la maji meusi ya kutafutia matundu ya mipira, na mkasi wa meno wa marehemu mama yake, Mwanahamisi, aliyekuwa mshonaji. Gauni la harusi la Hadidja lilipita katika mkasi ule. Sasa Amuri aliutumia kukatia viraka vya mpira. Alishikilia kwamba kiraka chenye meno hakibanduki, na mafundi wengine walimcheka.

Alikuwa na pamba sikioni.

"Unaumwa?" Lukumani aliuliza.

"Sikio. Tangu jana. Mafua, nazani."

"Umesikia habari ya kengele?"

Amuri alipiga pampu. "Mji muzima umesikia. Wanasema ni Henri."

"Na weye unasema nini?"

"Mi natengeneza baisikeli, Luku."

Lukumani alicheka kidogo, akamshukuru, akaenda zake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini nguo ya zamani ina joto lake, na mtu haikagui.

Mtumbwini Lukumani aliketi akimpa Papa Alexis mgongo. Tangu ajali hakuwahi kufika pale. Wafu wote walizikwa Lubunga na watu asiowajua, wakati yeye alikuwa amejificha juu ya dari ya nyumba moja ya Simi-Simi, maana waasi waliwatafuta watu wa serikali nyumba kwa nyumba. Alikuwa ameona kaburi. Meli hakutaka kuiona.

Alikumbuka gati siku ile, risasi zikilia upande wa uwanja wa ndege. Hadidja alikuwa na kanga mbili na sufuria moja. Yeye mwenyewe alishindwa kuondoka. Alikuwa na mahabusu kumi na wawili kituoni na ufunguo mfukoni. Akamkabidhi mkewe kwa Amuri, aliyepanda naye na ambaye baadaye aliokolewa akiwa ameshikilia ubao. Alimnong'oneza Amuri mambo matatu: Hadidja asikae upande wa jua, wasishuke kabla ya Isangi, na kengele isilie, waasi wasije wakageuza bunduki kuelekea mtoni. Kengele ya kuondoka ililia mara tatu kila safari. Mji mzima uliijua. Siku ile haikulia. Germaine iliteleza kimya, naye alisimama pale akimshukuru Mungu kwa kimya kile. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichobaki nacho, na alikitunza.

"Tumefika, chef," alisema Papa Alexis.

Lukumani alivua viatu, akavaa miwani, akaweka uso majini.

Loo. Alikuwa amejiandaa kwa kaburi, akaikuta Germaine. Mabenchi yaleyale ya mistari ya kijani. Ngazi ileile aliyoishikilia akitapika. Samaki wadogo walipita dirishani kama abiria wasio na haraka. Aliona pembe ya sitaha ambako Hadidja alisimama akimcheka mwaka 1957, na machozi yalimtoka ndani ya miwani, akalazimika kuinuka na kuyamwaga. Papa Alexis alitazama upande mwingine.

Kisha akafanya kazi yake.

Alikagua eneo la tukio kwa saa nzima, akizama na kuibuka huku ameshikilia kamba ya mtumbwi, akimuuliza mzee. Mabomba ya shaba yalikuwepo. Fremu za shaba za madirisha zilikuwepo. Mwizi wa vyuma angeanza na hivyo, havina uzito. Nati nne za kengele hazikuvunjwa. Zilifunguliwa taratibu kwa spana na kuwekwa juu ya sitaha zimepangwa safu, kama afanyavyo mtu anayeheshimu nati.

Na chini ya mlingoti palikuwa na chungu ya matope laini, tofauti na mchanga wa pale.

"Hii imetoka wapi?"

"Ndani ya kengele," alisema Papa Alexis. "Ilikuwa imejaa matope mpaka mudomo. Mwizi aliosha kwanza."

"Nyinyi munaizamia kila siku. Hamukuosha hata siku moja?"

"Kwa nini, chef? Chini ya mayi ulimi wa kengele haupigi. Tunagonga na jiwe, inje."

"Donc hakuna aliyeona ndani."

"Hakuna."

"Ndani ya kengele kunakuwa nini?"

"Ulimi tu," alisema mzee, akashangaa swali lenyewe.

Kitu cha mwisho walikikuta kimenasa kwenye reli: mpira wa ndani wa baisikeli, umekatwa na kunyooshwa, ncha moja imefungiwa kipande cha mwanzi. Papa Alexis aliugeuzageuza, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Huyu alikuwa anavutia pumzi hapa. Chef, mutu wa mayi hawezi kufanya hii. Mutu wa mayi anazama na pumzi yake. Hii ni kitu ya mutu wa mji, mwenye kuogopa."

"Henri anazama namna gani?"

"Henri?" Mzee alikohoa. "Henri anaweza kuvuta tumbako yote ya muke wangu wakati yee iko chini ya mayi."

Lukumani aliukunja mpira ule, akauweka katika mfuko wa vielelezo. Hakuutazama vizuri. Au tuseme hakutaka kuutazama vizuri.

Alimkuta Henri katika chumba cha mahojiano, ameketi wima, mikono magotini. Mtu mrefu wa Yanonge, mabega ya ufito, nywele zimemwota mvi mapema. Nje mkewe, Émilie, alikaa ukutani na bakuli la pondu, mboga ya majani ya muhogo, ambalo askari walikataa kulipokea.

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Kwa Germaine."

"Unakubali?"

"Wamama wawili waliniona. Nikatae nini?"

"Ulifanya nini pale?"

"Niligonga kengele."

"Mara tatu?"

Henri alitikisa kichwa. "Mara makumi tatu na moja. Kila Jumatano. Mutu mumoja, pigo moja. Napanda, napumua, nashuka."

Lukumani aliandika. Kalamu iligoma, akaitikisa.

"Alhamisi?"

"Nilikuwa nakata kuni na baba mukwe yangu. Muulize."

"Ungekuwa na sababu ya kuiba kengele, Henri?"

"Sababu gani?"

"Aibu. Jumapili ingetundikwa gatini, uione kila siku."

"Inspekta, mi naiona kila siku. Hata nikiwa nakula." Alisema bila hasira. "Nilikuwa nangoja Jumapili. Nilitaka waipandishe. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, waniache nivute kamba mara mbili mbele ya watu, wasikie namna inalia, halafu waniambie mbele ya Mungu kama mutu anaweza kusahau kuvuta kitu kama hii."

"Hukuivuta."

"Niliivuta."

"Watu mia mbili hawakusikia."

"Hata mimi sikusikia," alisema Henri. "Mashine, risasi, watoto wanalia. Niliona mwamba, nikavuta. Mukono yangu ilijua uzito ya ulimi. Nilivuta mara mbili, nikavuta tena mbili. Korti iliniuliza kama nilisikia, nikasema hapana. Ukweli ndiyo uliniua."

Lukumani alifunga daftari. Alikuwa ameyasikia maneno hayo kortini, neno kwa neno, na kila mara yalimtia hasira. Mara hii hasira ilichelewa kuja. Komisaa alikuwa amekwisha kutia sahihi: Jumatatu asubuhi mtuhumiwa apelekwe kwa mwendesha mashtaka. Kwa kosa lile, na kwa jina lake lilivyokuwa, hakuna aliyetegemea kwamba angerudi karibuni.

Alipotoka, Émilie alisimama. "Papa Inspekta, kama ni jela, aende jela. Lakini usiandike kama aliiba. Yee hajaiba hata mukate."

"Nipe hilo bakuli," alisema Lukumani, akampelekea Henri mwenyewe.

Jioni, kabla jua halijazama, alikaa kwenye kibaraza cha nyumba yake na ule mpira. Ulikuwa na viraka viwili. Aliupangusa kwa kitambaa. Kingo za viraka zilikuwa na meno.

Alikaa hivyo mpaka jirani akamsalimu mara ya tatu. Kisha aligeuza baisikeli yake kichwa chini, akavua tairi la nyuma polepole, akautoa mpira wake wa ndani. Ulikuwa na viraka vitatu vya Amuri. Alivilaza pamoja magotini. Nimeuliza watu wa polisi kama hiyo ni mbinu ya kisayansi, wakaniambia kilinganisho ni kilinganisho.

Jumamosi asubuhi kibanda cha Amuri kilikuwa wazi. Lukumani alikwenda kwa miguu. Alivuta kigoda, akaketi, akaweka ule mpira wenye mwanzi juu ya meza, kati ya spana na chupa ya gundi.

Amuri aliutazama, akaendelea kukaza spoki.

"Alhamisi ulifunga," alisema Lukumani.

"Niliumwa."

"Nini?"

"Sikio."

"Sikio iliuma mbele ya kuingia mayini, ao nyuma?"

Amuri aliacha spoki.

"Iko wapi, Amuri?"

Jicho la Amuri lilikwenda mahali, kama macho ya watu wote yaendavyo, na Lukumani alikuwa polisi wa miaka kumi na minane. Alikunja mkono wa shati, akainamia nusu ya pipa, akatia mkono katika yale maji meusi ambayo tangu utoto wao yalitafuta matundu ya mji mzima. Mkono ulizama mpaka kwenye kwapa. Vidole vikagusa shaba.

Vikaingia ndani ya mdomo wa kengele, vikatafuta ulimi. Ulimi haukuwa wa chuma. Ulikuwa mnene, laini, umeviringishwa na mpira tabaka juu ya tabaka, na kukazwa kwa fundo.

Alikaa na mkono wake majini. Henri aliivuta. Henri aliivuta mara mbili, na mara mbili tena, na kila mara mpira uliigonga shaba kama ngumi inavyogonga godoro.

"Ni weye ulifunga," alisema.

"Ni mimi."

"Sema yote. Naandika."

Lakini hakuandika. Amuri alisema akiangalia barabara.

"Watu walikuwa wanasukumana. Nahodha hakuwa anamusikiliza mutu. Nilijua ataliza ile kengele, ni mazoea yake, hata dunia ikiisha angepiga tatu. Nilikuwa na mipira mfukoni, ya kazi. Nikaenda mbele, nikaingiza mukono chini, nikafunga. Mi nilijua kengele ni ya kuaga tu. Luku, sisi wote tulijua hivyo. Kengele ya Germaine ni ya kuaga. Nani kati yetu, watoto wa chuoni, alijua habari ya mapigo mawili? Nilijifunza siku ya korti, kama weye. Nilikuwa nimeketi nyuma yako."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Karibu miaka miwili. Umemuona Henri akipita hapa."

"Nilimutengenezea baisikeli. Nilikataa franga yake. Alizani namuchukia, naye hakurudi." Amuri alijifuta uso kwa mkono wenye grisi, ukabaki mweusi. "Nilijua mayi itaficha. Halafu mwaka huu mayi ikashuka, na masheikh wakapatana na mapadri. Jumapili wangeigeuza juu, wamwage matope, wote waone. Nikaazima mutumbwi. Wiki tatu nilijifunza kuvuta pumzi katika mupira, hapa ndani ya pipa. Kule chini nilijaribu kufungua fundo, likakataa, kutu ya ulimi imelishika. Nikafungua nati, nikaivuta na kamba mpaka mutumbwini."

"Hapa una visu sita. Kwa nini hukukata?"

Amuri alivitazama vidole vyake.

"Nilipokuwa nafunga, fundo lilikuwa linateleza. Nilihitaji kidole cha mutu. Hadidja aliweka kidole chake juu, akashikilia mpaka nikakaza. Alicheka. Alisema, 'Kaza, shemeji, isije ikatusengenya.' Kila nikichukua kisu naona kile kidole. Kuitupa mtoni niliona ni kumuua mara ya pili. Bon, nikaiweka hapo."

Barabarani mtu alipita akiuliza bei ya tairi, hakuna aliyemjibu, akaenda.

"Ungeniambia mimi," alisema Lukumani. "Hata kama si korti. Mimi, Amuri. Nilimuchukia mutu wa bure. Jana nilimufunga mbele ya kumaliza chai. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Usiniulize hiyo."

"Nauliza kama polisi."

"Basi usiulize kama polisi."

"Nani alikuambia ufunge?"

Amuri alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu ajali alimtazama machoni.

"Ni weye, Luku. Gatini. Ulinishika bega, ukaniambia vitu vitatu. Asikae upande wa jua. Musishuke mbele ya Isangi. Na kengele isilie. Ulisema, 'Isilie hata kidogo, Amuri, nakuomba.' Ya jua nilifanya. Ya Isangi Mungu alikataa. Ya kengele nilifanya vizuri, kama fundi." Aliisogeza chupa ya gundi. "Ningekuambia nini? Ulikuwa umebaki na kitu kimoja tu, kwamba walau waliondoka kimya. Ulinisimulia mwenyewe, hapa, kwenye kigoda hicho. Ningekunyang'anya na hicho?"

Lukumani alitoa mkono majini. Ulikuwa mweusi hadi begani. Aliutazama, hakuupangusa. Yale maneno matatu aliyoyatunza kama sanduku la marehemu, kumbe mojawapo lilikuwa na watu thelathini na mmoja ndani yake. Na huyu mjinga, huyu rafiki yake, alikuwa ameketi juu ya kifuniko muda wote huo, na mtu wa tatu akaoza nje kwa ajili ya wote wawili. Alilia. Alilia kwa sauti, fundi naye akalia, na wapita njia waliona inspekta na mtengeneza baisikeli wakilia juu ya pipa, wakageuza nyuso kwa heshima.

Kisha alisimama. "Vaa shati. Twende kituoni."

"Unanifunga pingu?"

"Utabeba kengele. Ni nzito, tutashika wawili."

Aliandika ripoti mwenyewe siku ileile. Mshtakiwa: Amuri, fundi baisikeli, kwa wizi wa kengele na kwa kuficha ukweli mbele ya korti. Kielelezo cha kwanza, mpira wa kupumulia. Kielelezo cha pili, kengele, ulimi wake ukiwa umefungwa. Chini kabisa, mahali pa kutaja aliyetoa agizo, aliandika jina lake mwenyewe, kwa herufi kamili, na cheo. Komisaa alisoma, akavua miwani, akasema, "Lukumani, hii sehemu ya mwisho hakuna anayeihitaji." Lukumani alijibu kwamba kuna mmoja anayeihitaji, akachukua ufunguo wa mahabusu.

Henri alisimama alipomwona.

"Uliivuta," alisema Lukumani.

Henri hakuelewa. Lukumani alimweleza yote, kuanzia pipa kurudi nyuma hadi gatini, hakuacha hata kanga za Hadidja. Alipofika kwenye maneno yake mwenyewe aliyasema mara mbili, maana mara ya kwanza hayakutoka vizuri. Henri alisikiliza amesimama, kisha akaketi chini, polepole, mgongo ukutani.

"Mi nilijua niliivuta," alisema baadaye. "Mwaka wa kwanza nilijua. Mwaka wa pili watu walisema mpaka nikaanza kusadiki. Usiku nilikuwa najiuliza mukono. Namwambia mukono, sema kweli." Aliugeuza mkono wake wa kuume, akautazama kiganja. "Émilie tu hakuacha kusadiki. Aliudhi sana, yule mwanamuke."

"Naomba samahani" ni neno dogo, nalo Lukumani alilisema. Henri hakulikubali wala kulikataa. Alisema anataka kwenda nyumbani kuoga.

Jumapili gati la Lubunga lilijaa. Komisaa aliruhusu kielelezo cha pili kitoke kwa saa mbili, chini ya ulinzi, na Amuri akaletwa katikati ya askari wawili, maana Henri ndiye aliyeomba awepo. Kengele ilining'inizwa kwenye boriti ya mti mgumu. Lukumani alisimama mbele ya watu, kofia mkononi, akawasomea ripoti yote. Aliposoma jina lake palikuwa kimya hata ukasikia mto. Mama mmoja aliyepoteza watoto wawili alitema mate chini, karibu na viatu vyake vinavyong'aa. Hakusogea.

Kisha alitoa kisu, akampa Henri.

Henri aliingiza mkono, akakata. Ilichukua muda; fundo la Amuri lilikuwa fundo la fundi. Mpira ulipoanguka, Lukumani aliinama akauokota, akautia mfuko wa shati, upande wa kushoto. Ni kielelezo, lakini askari hawakusema kitu.

Henri akashika kamba. Hakupiga tatu za kuaga. Alipiga mbili.

Sauti ilivuka mto mpaka mjini na kurudi. Watu wa mji waliokuwa juu ya ukingo waliendelea kutembea na kuongea, hawakujua. Lakini katikati ya mto kulikuwa na mitumbwi tisa au kumi ya wavuvi, watu wa Isangi na Yanonge waliokulia na mapigo mawili ya meli, na wote kwa pamoja waliacha kupiga kasia, wakainua vichwa, wakasubiri kuambiwa maji yana kina gani.